Mpiganaji, Babariani au Paladini? Kisa cha meza moja ya Tanga

Meza ni ya Tanga mjini: wachezaji wanne na mwendeshaji mmoja, Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa Kiswahili, kanuni za toleo la tano la mwaka 2014. Kitabu chenyewe hawana. Wana SRD 5.1, hati ya kanuni ya bure iliyowekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, na wamechapisha kwenye duka la steshenari kurasa zile tu wanazozihitaji. Hukutana Jumamosi baada ya Isha, wakacheza kwa muda wa saa tatu hivi, kisha kila mtu kwake.

Mtu wa mbele wa kundi amekufa mchezoni. Waliobaki ni Kleriki, Mwizi na Mchawi, wote levo 5. Mchezaji aliyepoteza mhusika anarudi na mpya wa levo hiyo hiyo, na anachokitaka anakijua: binadamu, upanga wa mikono miwili, asimame penye upenyo adui asipite. Safari inayofuata ni ya mapangoni. Mwendeshaji ameyachora kwa kuyatazamia Mapango ya Amboni, yaani mawe ya chokaa, vijia vya kubana, giza totoro na popo, kisha ndani yake akajaza maiti wasiolala.

Klasi, yaani aina za wahusika, zinazogombewa ni tatu: Mpiganaji, Babariani na Paladini. Renja tumemtoa mapema. Mitindo yake ya kupigana haina ule wa silaha kubwa, na deraya nzito hakufundishwa.

Karatasi tatu, sura moja

Chukua alama za kawaida, 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Binadamu anaongezewa 1 kila mahali. Ile 15 inakwenda kwenye Nguvu na kuwa 16. Nyongeza ya levo 4 inaifikisha 18, yaani +4. Ustadi wa levo 5 ni +3. Kwa hiyo wote watatu wanashambulia kwa +7, mara mbili kila zamu, kwa upanga wa 2d6, yaani dadu mbili za pande sita. Adui akiwa na kinga 15, wanatafuta 8 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Hiyo ni asilimia 65.

Kinga nayo haiwatenganishi. Mpiganaji na Paladini wanavaa deraya ya minyororo, kinga 16. Babariani anavaa deraya ya magamba, 14 na Wepesi wake wa +2, naye ana 16. Wengi wanaamini Babariani sharti akae kifua wazi, si sharti. Kifua wazi ni 10 jumlisha Wepesi jumlisha Ukakamavu, na kwa alama hizi inatoka 14. Hizo ni pointi mbili za kinga ulizozitupa ili mchoro upendeze.

Uhai, kwa Ukakamavu wa +2 na wastani wa kila levo: Mpiganaji 44, Paladini 44, Babariani 50.

Kwa karatasi hizi mtu hukimbilia kuomba ushauri mtandaoni, na hapo ndipo anapopotezwa. Ushauri mwingi wa silaha kubwa umejengwa juu ya kile kipaji cha kujipunguzia 5 kwenye shambulio ili jeraha lipande 10. Hakimo kwenye SRD 5.1. Hati ile ina kipaji kimoja tu, cha kukamatana mieleka, na kila klasi imepewa tawi moja: Mpiganaji ni Bingwa, Babariani ni wa Wazimu wa Vita, Paladini ni wa Kiapo cha Uchaji. Meza hii haina ruhusa ya kuchukua kingine, kwa hiyo hesabu ni lazima ifanywe upya.

Tofauti ya kweli iko kwenye malipo. Mpiganaji ni kibarua wa kutwa, wenzake ni watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Kitendo cha Ziada (kutenda mara mbili katika zamu moja) na Pumzi ya Pili (kujirudishia uhai) vinamrudia Mpiganaji kila pumziko fupi, saa moja ya mchezo. Hasira za Babariani na nafasi za uganga za Paladini, yaani mara anazoweza kutumia uganga, hazirudi mpaka pumziko refu, saa nane. Kabla hujafungua ukurasa wa klasi yoyote, muulize mwendeshaji: kati ya pumziko refu moja na jingine, tunapigana mara ngapi?

Meza hii jibu lake ni mara moja, ikizidi sana mbili. Muda wa Jumamosi hautoshi zaidi, na mwendeshaji ana desturi ya kufunga kila kikao kwa kundi kulala. Pumziko fupi halijawahi kuombwa na mtu.

Raundi moja ina nini

Mpiganaji Bingwa mwenye mtindo wa silaha kubwa anarudia dadu ya jeraha ikitoka 1 au 2, na hilo linaipandisha 2d6 kutoka wastani wa 7 hadi 8.33. Pigo kuu, lile linalorusha dadu za jeraha mara mbili, kwake ni 19 na 20. Dhidi ya kinga 15 anatoa wastani wa 17.7 kwa zamu. Akitumia Kitendo cha Ziada, zamu hiyo ni 35.4.

Paladini ana mtindo ule ule ila pigo kuu ni 20 pekee: 16.9 kwa zamu. Juu yake anaweka Pigo Takatifu. Nafasi ya daraja la kwanza inaongeza 2d8, wastani 9; ya daraja la pili 3d8, wastani 13.5. Levo 5 ana nafasi nne za kwanza na mbili za pili. Zote zikiingia kwenye upanga ni 63 kwa siku. Adui akiwa maiti au shetani, kila pigo linaongezewa 1d8 nyingine.

Babariani ndiye anayehitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote.

Akiwa na Hasira anaongeza 2 kwenye kila jeraha. Kwa hilo tu anafika 17.6, sawa na Bingwa, na hapo mtu husema basi hakuna faida. Faida iko kwenye Shambulio la Pupa la levo 2: anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa kwenye mashambulio yake ya karibu ya Nguvu ya zamu ile, na maadui nao wanarusha mbili dhidi yake mpaka zamu yake ijayo. Kupata kunapanda kutoka asilimia 65 hadi karibu 88. Wastani unaruka hadi 24.2 kwa zamu. Akiamua kuingia Wazimu wa Vita, kuanzia zamu ya pili anapata shambulio la tatu, na zamu inakuwa 36.3.

Wachezaji wengi wanaogopa pupa kwa kuwa inawafungulia adui mlango. Tuipime kwa zimwi wa kawaida: shambulio +6, jeraha 2d8+4, wastani 13. Dhidi ya kinga 16 anapata asilimia 55, na kila shambulio lake linamgharimu Mpiganaji wastani wa 7.6. Dhidi ya Babariani mwenye pupa anapata karibu asilimia 80, lakini Hasira inakata nusu ya jeraha la kuchoma, kukata na kuponda, na linalobaki ni 5.6. Yaani Babariani aliyejiachia wazi anaumia kidogo kuliko Mpiganaji aliyejilinda. Bila Hasira, pupa hiyo hiyo inamgharimu 11.2. Kanuni ya kukumbuka mezani: pupa ni ya mwenye Hasira, na Hasira levo 5 ni tatu tu kwa siku.

Wazimu wa Vita una deni. Hasira ikiisha, Babariani anapata daraja moja la uchovu. La kwanza linamfanya arushe dadu mbili na kuchukua ndogo kwenye majaribio ya uwezo, kama kupanda au kusikiliza. La pili linakata mwendo nusu. La tatu linaharibu mashambulio na dadu za kujinusuru. Pumziko refu, ukiwa umekula na kunywa, linaondoa daraja moja tu. Ndiyo maana Wazimu wa Vita una sifa mbaya kwenye meza za mapigano mengi. Hapa kwetu, pambano moja kwa siku, deni linalipwa usiku ule ule na kesho asubuhi Babariani ni mzima.

Siku fupi, siku ndefu

Tuchukue pambano la raundi nne, adui mwenye kinga 15, pumziko refu baada yake.

Mpiganaji: 17.7 mara nne, na Kitendo cha Ziada kimoja. Jumla 88.
Paladini: 67 za upanga. Kati ya mashambulio manane atapata matano hivi, na yote atayatia Pigo Takatifu, yale makubwa kwanza. Jumla kama 120.
Babariani: pupa zamu zote, Wazimu kuanzia ya pili. Jumla 133.

Sasa siku ya mapigano manne na mapumziko mafupi mawili. Mpiganaji anafika 336 na amejirudishia uhai kama 31 kwa Pumzi ya Pili. Paladini ni 333, na nafasi zake zote zimekwisha. Babariani anapigana mara tatu kwa Hasira na moja bila. Asipotumia pupa kwenye hilo la bila Hasira ni 350, na akiongeza Wazimu mara moja tu, pambano la mwisho, anakaribia 390.

Mpiganaji ndiye anayeumizwa na ratiba ya Jumamosi. Siku ndefu anakwenda bega kwa bega na Paladini. Siku fupi anaachwa kwa zaidi ya 30. Si klasi mbaya, na kwa mtu asiyependa kuhesabu nafasi ndiyo ya kwanza tungeitaja. Lakini klasi inayolipwa kila pumziko fupi, kwenye meza isiyopumzika kifupi, inafanya kazi ya bure. Mchezaji aking'ang'ania Mpiganaji, amwombe mwendeshaji agawanye siku moja ya mchezo katika Jumamosi mbili, pumziko fupi katikati, uhai na nafasi ziandikwe kwenye karatasi na kubaki vile vile wiki nzima. Mwendeshaji akikubali, hesabu yote ya hapo juu inageuka.

Kwa namba hizi Babariani ameshinda, na pango lingekuwa la majambazi, wanyama na mazimwi tungemwachia nafasi. Si la hao.

Vivuli

Kivuli ni adui mdogo: kinga 12, uhai 16. Angalia anachofanya. Anashambulia kwa +4, jeraha 2d6+2 la nguvu za kifo, na kila akipata anakunyonya Nguvu 1d4. Hakuna dadu ya kujinusuru. Nguvu ikifika sifuri umekufa. Iliyonyonywa hairudi mpaka upumzike, kifupi au kirefu. Na silaha isiyo ya kiganga inamjeruhi nusu.

Mweke Babariani wetu mbele ya vivuli vitatu. Hasira haikati jeraha la kifo, kwa hiyo nusu yake ya thamani imekwenda. Pupa inawapandisha kutoka asilimia 45 hadi 70. Vikipata viwili kwa raundi, Nguvu inashuka wastani wa 5: kutoka 18 hadi 13 baada ya raundi moja, na +4 imekuwa +1 kwenye kushambulia na kwenye jeraha pia. Upanga wenyewe unakata nusu. Raundi ya tatu hesabu yake haifanani tena na ile 36 ya karatasini, na ya nne huenda asiifikie akiwa amesimama.

Mpiganaji naye anakata nusu, ila angalau hajajifungua. Wote wawili wataokolewa na Mchawi akiutia upanga uganga wa silaha, mradi awe ameuandaa na asipoteze umakini wake kwa kupigwa.

Paladini wa Uchaji hamhitaji mtu. Levo 3 amepewa Silaha Takatifu: kwa dakika moja upanga unaongezewa Haiba yake kwenye shambulio, unakuwa wa kiganga, na unatoa mwanga mkali futi 20 na hafifu futi 20 zaidi. Jeraha linarudi kamili. Pigo Takatifu ni jeraha la nuru, na kivuli ni dhaifu kwa nuru: linazidishwa mara mbili. Nafasi ya daraja la kwanza dhidi yake ni 3d8 kwa sababu ni maiti, wastani 13.5, ikizidishwa ni 27. Uhai wake ni 16. Hata dhidi ya maiti wa kawaida wasio na udhaifu huo, pambano la raundi nne linampa Paladini kama 144, na hapo Babariani na 133 zake amepitwa.

Ule mwanga nao si mapambo. Binadamu haoni gizani, na upanga wa mikono miwili haumwachii mkono wa kushika mwenge akiwa anapiga. Hili husahaulika mpaka kundi limeshaingia ndani, kisha mwendeshaji anauliza kwa upole, "Haya wenzangu, taa kashika nani?" Kleriki anaweza kuutia upanga mwanga wa uganga mdogo usiotumia nafasi, kikikosekana hicho, mwenge uliotupwa chini bado unaangaza futi 20. Lakini mtu apangwe kabla.

Sababu ya mwisho ni Kleriki mwenyewe. Kundi lina mganga mmoja. Akianguka yeye, anamwinua nani? Paladini ana pointi 25 za Kuwekea Mikono, na mwenzake aliyelala anahitaji pointi 1 kusimama. Mpiganaji na Babariani hawana hata hiyo moja.

Kwa kisa hiki, basi, Paladini.

Anavyoandaliwa, na panapoharibika

Alama: Nguvu 18, Haiba 15, Ukakamavu 14, Busara 13, Wepesi 11, Akili 9. Uganga wa kuandaa kila siku ni Haiba +2 jumlisha nusu ya levo, yaani minne, mbali na ile ya kiapo inayokuja yenyewe. Aandike mmoja wa baraka kwa wenzake watatu, mmoja wa ngao, mmoja wa kuponya, na wa nne anaoupenda. Nafasi zichorwe kama viduara sita pembeni mwa karatasi na zikatwe kwa penseli. Mtu anayezihesabu kichwani atagombana na meza nzima.

Kosa la kwanza ni kutangaza Pigo Takatifu kabla ya dadu. Kanuni za 2014 zinasema unaamua baada ya kupata. Mwendeshaji anayejua atamzuia: "Kaka, subiri dadu itulie kwanza." Kusubiri kuna faida ya pili: ikitoka 20, dadu za Pigo Takatifu nazo zinarushwa mara mbili. Kwa hiyo nafasi moja ya daraja la pili iwekwe akiba ya pigo kuu mpaka pambano lielekee mwisho.

La pili ni kumpiga kiunzi cha mifupa kwa nuru. Kiunzi kina uhai 13, na upanga pekee ukipata unatoa wastani wa 12.3. Kutia nafasi hapo ni kuimwaga. Viunzi viachiwe Mwizi.

La tatu linauma kimyakimya. Silaha Takatifu inagharimu kitendo kizima. Dhidi ya adui wa kawaida, kwa Haiba ya +2, inaongeza karibu 2.5 kwa zamu, na kitendo ulichokipoteza kilikuwa na thamani ya 16.9. Inataka raundi saba kurudisha gharama, na pambano haliendi saba. Iwashwe nje ya mlango, kabla Mwizi hajaufungua, au iwashwe vitani kwa vivuli tu na wengine wanaopuuza chuma cha kawaida.

La nne: kumwaga pointi 25 zote kwa mtu mmoja katikati ya vita. Zibaki walau tano, kila moja ni mtu wa kuinuliwa.

Na deraya ya minyororo inataka Nguvu 13. Kivuli kikimshusha chini ya hapo, mwendo unapungua futi 10, kwa ramani ya manila miraba miwili. Akibaki na Nguvu 12 ndani ya kijia na kundi linarudi nyuma, yeye ndiye wa kuachwa. Aanze kurudi mapema.

Atakayemchukua Babariani kwenye kampeni nyingine aweke mikuki ya kutupa mgongoni. Hasira inakatika zamu ikiisha hujamshambulia adui wala hujaumizwa tangu zamu iliyopita. Adui akikaa juu ya mwamba, tupa mkuki: ile +2 haihesabiwi kwenye kutupa, lakini Hasira inabaki.

Tahadhari moja kuhusu kurasa zilizochapwa. Kanuni zilifanyiwa marekebisho mwaka 2024, na hati mpya ya bure, SRD 5.2, ikafuata 2025. Humo Pigo Takatifu ni uganga unaotumia kitendo cha nyongeza, mara moja tu kwa zamu. Wazimu wa Vita hauleti uchovu tena. Hasira moja inarudi kwa pumziko fupi. Karatasi moja ya 2014 na nyingine ya 2024 kwenye meza moja zitaharibu kila namba iliyoandikwa hapa. Steshenari huchapa ulichowapa, kwa hiyo angalia namba ya toleo chini ya ukurasa kabla hujalipa.

Levo 6 Paladini anapata uvuli wa kulinda: yeye na wenzake walio ndani ya futi 10 wanaongeza Haiba yake kwenye dadu zote za kujinusuru. Kwa ramani ni miraba miwili kila upande, na kwenye kijia chembamba hiyo inamtosha Kleriki nyuma yake na Mwizi nyuma ya Kleriki. Mchawi wa mraba wa tatu yuko nje. Vizibo vya soda mnavyovitumia kama wahusika vipangwe kwa mstari huo kuanzia sasa, ili levo ikipanda mkono uwe umeshazoea.